Behewa Moja, Siku Moja

(Hotuba aliyoisoma mmoja wetu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1974, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika hapa Tabora. Tunaichapa kama alivyoisoma.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu mliojaliwa kuwa nasi leo, na ninyi nyote tuliokula maharage ya sufuria moja:

Kamati imeniomba nizungumze juu ya "jambo lolote ulilojifunza huko ughaibuni". Nadhani ilitazamia nizungumzie hisabati, kwa kuwa ndiyo iliyonipatia riziki kwa miaka thelathini katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Lakini tumekwisha kula, jua ni kali, na sitaki kuwalaza. Nitazungumza juu ya kitu hiki nilichokishika mkononi. Tafadhali kipitisheni kutoka meza hadi meza, mkishike kwa chini, msikishike ubavuni.

Hilo ni behewa la mizigo. Urefu wake ni sentimita 14 na uzito wake ni gramu 106. Limetengenezwa kwa kipimo cha moja kwa 87, yaani kila milimita 87 za behewa la kweli zimekuwa milimita moja. Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.74 angekuwa na urefu wa sentimita mbili tu akisimama kando yake.

Najua wapo wanaosema moyoni: mzee mzima, mvi kichwani, bado anachezea gari moshi la watoto! Mke wangu alikwisha kuyasema hayo mapema kuliko ninyi, na yeye alikuwa na haki zaidi, kwa sababu karakana yangu ya kwanza ilikuwa meza yake ya chakula.

Huko Marekani mambo haya si ya watoto. Tangu mwaka 1935 kipo chama cha nchi nzima, kilichoanzishwa katika mji wa Milwaukee, ambacho huweka sheria za upana wa reli ndogo, umbo la magurudumu, hata uzito wa behewa. Hizo gramu 106 si za kubahatisha. Sheria inasema: anza na aunsi moja, kisha ongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa jepesi mno huruka reli kwenye kona, na zito mno huichosha injini. Basi ndani ya behewa hilo, msipopaona, nimegundisha vipande vya chuma.

Wengi katika mchezo huu hupenda injini. Mimi sipendi sana injini. Injini ni kama bwana mkubwa: hukaa kwao, kila mtu anamjua, na picha zake zimejaa vitabuni. Behewa la mizigo ni msafiri. Katika nchi ile kampuni za reli zilikuwa nyingi, na kwa kuwa reli zao zina upana mmoja, behewa la kampuni moja lilipakiwa likavuka katika reli za kampuni nyingine, likashusha, likapakiwa tena na kupelekwa kwingine. Liliweza kukaa miezi mingi bila kurudi kwao. Kwa hiyo mtu anayetengeneza stesheni ndogo ya mashamba ya mahindi ya Iowa hawezi kuweka mabehewa ya kampuni ya Iowa peke yake. Lazima awe na ya wageni, na katika wageni hao hakuna aliyeonekana kwingi kama behewa la Pennsylvania Railroad, kampuni iliyokuwa na mabehewa mengi kupita zote.

Hilo mnalopokezana ni la kampuni hiyo, aina iliyoitwa X29. Ni behewa la chuma lililofunikwa, la futi 40, lililoanza kutengenezwa mwaka 1924, na yalitengenezwa karibu 30,000. Lilibeba nafaka, karatasi, viatu, misumari, magunia, kila kitu kisichotaka kunyeshewa. Mimi hupenda kufikiri kwamba huenda siku moja lilibeba hata katani ya Tanga, kwa maana wakulima wa Marekani walinunua sana uzi wa katani kwa kufungia majani yao makavu, na uzi huo ulisafiri kwa reli kama mzigo mwingine wowote. Siwezi kulithibitisha kwa behewa moja mahsusi, ndiyo maana sikuandika neno katani popote juu yake.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Katika kazi hii, kitu usichoweza kukithibitisha hukiweki. Na la pili, ambalo ndilo gumu zaidi: vitu vyote ulivyovithibitisha lazima vikubaliane juu ya siku moja.

Nitaeleza. Behewa la kweli liliishi miaka thelathini au arobaini, na katika maisha hayo halikubaki kama lilivyozaliwa. Lilipakwa rangi upya, likabadilishwa breki, likatiwa viraka, likabadilishwa mlango. Mtu akichukua mlango wa 1950, breki za 1930 na alama ya 1955 akaviweka juu ya behewa moja, amefanya kama mchoraji anayemchora babu yake akiwa na meno ya utotoni na mkongojo wa uzeeni. Kila kimoja ni cha kweli, lakini mtu huyo hakupata kuwako.

Mimi nililichagulia behewa langu mwezi wa Oktoba mwaka 1952. Tazameni jinsi tarehe hiyo inavyotawala kila kitu.

Juu ya paa mtaona ubao mrefu wa kutembelea. Zamani wafanyakazi walipita juu ya treni ili kufunga breki za mkono, na mbao hizo ziliendelea kuwekwa hata walipokuwa hawapiti tena sana. Mwaka 1966 ndipo ilipoamriwa kwamba mabehewa mapya ya aina hii yasiwe nazo. Kwa 1952, basi, ubao lazima uwepo.

Geuzeni behewa mtazame chini. Mtaona vitu vitatu: silinda, tangi la hewa lenye vyumba viwili, na vali. Hizo ni breki za mtindo wa AB, zilizoanza kuwekwa kwenye mabehewa mapya mwaka 1933. Behewa langu lilizaliwa kabla ya hapo, likiwa na breki za mtindo wa zamani ulioitwa K. Mabehewa yenye K yalikatazwa kuvuka katika reli za wengine mwaka 1953. Mwaka mmoja kabla ya katazo, karakana zilikuwa zimekwisha kubadilisha nyingi. Ningeweza kuweka mojawapo nisikosee, lakini picha ya behewa lenye namba jirani na hili ilionyesha AB, nami nikafuata picha.

Ubavuni kuna alama ya kampuni: jiwe la katikati ya tao, ndani ya duara. Mwaka 1954 kampuni iliacha duara hilo, ikachora jiwe lile kubwa zaidi na lenye kivuli. Mtu akiweka alama ya kivuli juu ya behewa la 1952 atakuwa amekosea kwa miaka miwili, na kwenye maonyesho yetu hakosi kutokea mzee atakayemwambia hivyo bila kuombwa.

Kisha, kushoto kwa mlango, chini, kuna maandishi madogo yanayoonyesha uzito wa behewa likiwa tupu, pamoja na mwezi na mwaka lilipopimwa. Uzito huo ulihitajika kwa sababu mwenye mzigo hulipia kilichomo, wala si chuma. Mbao na chuma hubadilika uzito, basi behewa lilirudishwa kwenye mizani kila baada ya muda. Mpimaji alifuta namba za zamani kwa rangi mpya, akaandika juu yake. Ndiyo sababu, mkitazama vizuri, ubavu wote umechafuka lakini hapo pana kiraka kidogo kisafi. Wengi huniuliza kama rangi yangu ilimwagika. La hasha. Kiraka hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, maana ni alama ya mkono wa mtu aliyekuwa kazini mwaka 1951.

Mtauliza: hayo yote nimeyajuaje? Nilifika Marekani kampuni yenyewe ikiwa imekwisha kufa. Iliungana na hasimu wake mkuu mwaka 1968, na kampuni waliyoiunda ikafilisika mwaka 1970. Lakini makaratasi hayakufa. Mengi yamehifadhiwa katika nyaraka za jimbo pale Harrisburg, na mengine katika maktaba ya Hagley huko Delaware. Hali kadhalika, kulikuwa na kitabu kikubwa, kilichochapwa tena na tena, kilichoorodhesha mabehewa ya kila kampuni kwa mafungu ya namba, pamoja na vipimo vya ndani. Mtu akiniambia namba ya behewa na mwaka, nafungua kitabu naona kama namba hiyo ilikuwa bado hai. Ni kitabu kikavu kuliko daftari la mahudhurio, nami nimekisoma usiku mwingi kwa furaha.

Kuhusu rangi, hadharini. Filamu za zamani hazikuiona nyekundu, kwa hiyo behewa la rangi ya hudhurungi nyekundu hutoka jeusi pichani. Picha za kutegemewa zaidi ni zile za rangi alizopiga Jack Delano, mpiga picha wa serikali, katika yadi za Chicago mwishoni mwa mwaka 1942. Zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani na siku hizi mtu yeyote huweza kuzitazama kwa intaneti. Ukiona yadi moja yenye mabehewa mia, ambayo kwa jina yote ni "mekundu", utakuta moja linakaribia chungwa, la pili ni kama matofali, la tatu ni kama kahawa, na la nne limepigwa na moshi hata halina rangi. Tangu nizione picha hizo, sipaki mabehewa mawili kwa kopo moja bila kulichanganya.

Lakini jambo moja sikulipata katika karatasi wala picha. Ukanda wa chini wa ubavu wa behewa hilo una mabati membamba yaliyopigwa ribiti juu ya bati la asili. Picha zilinionyesha kwamba yapo, wala hazikunieleza kwa nini. Aliyenieleza ni mzee mmoja wa Altoona, mji wenye karakana kuu za kampuni ile, aliyekuwa fundi wa mabehewa tangu ujana wake. Alisema maji na uchafu vilikaa kati ya bati la nje na mbao za ndani, chuma kikaoza kuanzia chini, nao wakakata palipooza na kutia kiraka. Akaniambia pia kwamba viraka havikuwa sawa: fundi alitia pale palipooza tu. Kwa hiyo upande wa kushoto wa behewa hilo una viraka vitatu na wa kulia una kimoja. Miaka miwili baadaye mzee yule alifariki.

Sasa kazi yenyewe ya mikono, ambayo nitaipitia haraka kwa sababu hujifunzwa kwa kutazama kuliko kwa kusikiliza. Behewa huja ndani ya boksi, vipande vya plastiki. Ngazi na vishikizo vimefinyangwa pamoja na ubavu, vinene kama fito. Kishikizo cha kweli ni nondo ya milimita 19; katika kipimo chetu ni kama sehemu ya tano ya milimita. Basi hukwangua vile vya plastiki kwa ncha ya kisu bila kugusa ribiti za kando, hutoboa matundu kwa kekee inayozungushwa kwa vidole, na kuingiza waya mwembamba uliokunjwa. Behewa hilo lina waya zaidi ya thelathini. Pumzi hushikwa. Mwenye mkono wa kutetemeka na asianze kabla ya chai.

Rangi hupakwa nyembamba, mara mbili au tatu. Juu yake hupakwa vanishi ya kung'aa, hata kama behewa halitakiwi kung'aa, kwa kuwa herufi zetu huja juu ya utando mwembamba unaolowekwa majini na kubandikwa, na utando huo ukiwekwa juu ya rangi iliyoparara hufungia hewa chini yake ukaonekana mweupe kama ukurutu. Ukiwekwa juu ya kung'aa, na kulainishwa kwa dawa yake, hulala juu ya kila ribiti kana kwamba umepakwa kwa brashi. Mwisho hupakwa vanishi isiyong'aa, na mng'aro wote huondoka.

Kisha huja kulizeesha, na hapa ndipo wengi huharibu kwa pupa. Uchafu nao una sababu zake. Masizi ya injini hukaa juu ya paa. Vumbi la njia hupanda kutoka chini na kuishia magotini. Magurudumu huwa meusi yenye mafuta, kwa kuwa visanduku vya ekseli vya zamani vilivuja. Kutu huanza penye mikwaruzo ya mlango. Mimi hutumia wino uliozimuliwa kwa spiriti, na unga wa chaki za rangi. Kila doa lazima liwe na jibu la swali: limetoka wapi? Doa lisilo na jibu nalifuta.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimebakiwa na jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Marehemu baba yangu, ambaye wengine wenu mnamkumbuka, alikuwa mkaguzi wa mabehewa katika yadi ya mji huu. Alitembea kando ya treni na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga kila gurudumu. Zima hulia kama kengele. Lenye ufa sauti yake hukwama. Alifariki mwaka 1998 akaacha daftari moja lenye jalada jeusi, la mwaka 1965. Ndani yake mna namba za mabehewa, tarehe, na kasoro: kisanduku kimepata moto, bawaba imevunjika, ubao wa sakafu umetoboka. Nimelisoma kama nilivyokisoma kile kitabu cha Marekani, nami nimeamua behewa langu la mwisho, kabla mikono haijanigomea, litoke humo. Liwe la Tabora, siku moja ya msimu wa pamba, mwaka 1965.

Historia ya njia naifahamu. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928. Reli za Tanganyika ziliungana na za Kenya na Uganda mwaka 1948. Lakini ni mwaka 1963 tu ndipo njia ya Tanga ilipounganishwa na Reli ya Kati kwa kipande kinachofika Ruvu. Kabla yake behewa la Moshi au la Nairobi lisingeweza kufika hapa kwa nchi kavu juu ya magurudumu yake. Kwa hiyo daftari la 1965 ni la wakati mzuri, wageni walipokuwa wameanza kuingia, miaka 12 kabla ya shirika kuvunjika mwaka 1977 na mabehewa kugawanywa.

Hata reli ndogo ninayo. Njia yetu ya mita moja katika kipimo cha 87 ni milimita 11 na nusu, na reli inayouzwa madukani Ulaya kwa ajili ya njia za mita ni ya milimita 12. Jambo la kuchekesha ni kwamba milimita 12 zinawafaa TAZARA kuliko sisi, kwa maana njia yao ya milimita 1,067 inakuwa 12 na robo. Na reli mpya ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inaingia sawasawa katika reli zangu za Kimarekani.

Nisichokuwa nacho ni sura ya behewa. Baba aliandika kama daktari anayeandika maradhi pasipo kuandika umbo la mgonjwa. Kwake umbo lilikuwa mbele ya macho kila siku, aliandike la nini? Najua bawaba ya mlango ilivunjika tarehe 9 Julai. Sijui mlango wenyewe ulifungwa kwa komeo la aina gani, ngazi ilikuwa kushoto au kulia, namba iliandikwa juu au chini. Hapa boksi la plastiki halipo. Nitakata kila kipande mwenyewe kutoka bapa tupu, na siwezi kukata kitu nisichokiona.

Picha zipo, tena zipo majumbani kwenu. Watu wa wakati ule hawakupiga picha ya behewa. Walipiga picha ya bibi harusi, ya timu ya mpira inayokwenda Mwanza, ya kijana anayeagwa kwenda Makerere. Behewa limesimama nyuma yao kwa bahati. Naomba mtazame nyuma ya watu. Hata robo ya behewa inatosha, hata mlango tu, hata kivuli cha ngazi. Sitachukua picha ya mtu. Nitaipiga nakala hapo hapo na kuirudisha mkononi mwake.

Naomba pia majina ya wazee waliofanya kazi katika yadi, karakana au ghala la mizigo kabla ya 1977. Nimekwisha kuzungumza na wawili. Mmoja ana miaka 91 na anakumbuka komeo vizuri sana, ila kumbukumbu yake haikubaliani na ya mwenzake, na mimi sina picha ya kuamua kati yao. Mwenye jina la mzee wa tatu anitafute leo, kabla ya basi la jioni. Nitakuwa kwenye meza iliyo chini ya mwembe, pamoja na daftari, na fundi aliyeketi mbele hapo anirudishie behewa langu, maana naona amekwisha kulishika ubavuni.